Jiko la nusu pipa la kuchomea samaki: uzoefu wangu kwenye fukwe za Mwanza

Jiko lenyewe ni pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu: nusu moja ni tumbo, nusu nyingine ni kifuniko chenye bawaba. Nililichongesha kwenye karakana ya kuchomelea hapa Mwanza, na nalitumia ufukweni, Luchelele na Igombe, kwa sato na sangara. Nalisifu, lakini kwa sharti. Ukilichukua kama linavyouzwa kando ya barabara litakulia mkaa, na samaki atatoka mkavu nje, mbichi kwenye mfupa. Shida iko kwenye vipimo, na fundi yeyote anaweza kuirekebisha kabla hujalipa.

Pipa la namna hii lina upana wa karibu sentimita 57, kwa hiyo ukilipasua katikati kina chake ni kama sentimita 28. Wavu ukikaa ukingoni na makaa yakilala chini kabisa, samaki yuko mbali na moto kwa sentimita zote hizo. Yeye anataka 12 hadi 15. Ndiyo maana wachomaji wengi humwaga mkaa tele ili moto upande juu, na ule wa chini unakosa hewa, unafuka moshi tu. Dawa yake ni kichanja cha ndani: nondo za milimita 8, zipangwe kwa nafasi ya sentimita 2, zikae sentimita 10 kutoka chini ya pipa. Makaa yakipangwa juu yake kwa unene wa sentimita 5, panabaki 13 hadi kwenye wavu. Majivu yanadondoka, hewa inapita. Mimi hupanga makaa nusu ya urefu wa jiko tu, kama kilo 2, zinatosha sato wanne wa ukubwa wa kati, na nusu isiyo na moto inabaki kwa samaki anayewahi kuungua.

Matundu ya hewa yatobolewe kwa drili ya milimita 12, saba au nane, upande mmoja tu na chini ya kichanja. Bawaba za kifuniko ziwe upande wa pili. Hapa wengi hawaelewi mpaka wafike ziwani: kuanzia mchana hadi jioni upepo hutoka majini kwenda nchi kavu, na matundu yakiutazama, mkaa unateketea mara moja na majivu yanapanda kwenye samaki. Weka upande wa bawaba uelekee ziwa, nyanyua kifuniko, kitakuwa ukuta wa upepo. Halafu simama kwenye kichwa cha pipa, yaani mwisho wake mmoja. Ukisimama upande wa matundu, moshi wote ni wako.

Miguu iwe mitatu. Mafundi wanapenda minne kwa kuwa inapendeza dukani, lakini fukwe zetu zina mawe kila mahali na miguu minne huyumba; mitatu inakaa popote, kama mafiga. Na usimwage makaa ya moto juu ya jiwe lenyewe: lililonyonya maji likipata joto ghafla hupasuka na kurusha vipande.

Uliza pipa lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au oili linasafishika. La dawa za kilimo au kemikali za kiwandani liache, hata ukipewa bure. Pipa lililozibwa lisikatwe kabla ya kufunguliwa na kuoshwa, kwa maana mvuke wa mafuta uliobaki ndani hulipuka. Likishachongwa, lichome kwa kuni moto mkali saa nzima hivi, mpaka rangi ya ndani iishe, sugua kwa brashi ya waya, pakaza mafuta ya kula kidogo likiwa bado vuguvugu. Wavu wa zinki, ule wa mabanda ya kuku, ukatae kabisa hata fundi akikuambia ndio wanaotumia wote. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Kwa wavu, nondo za milimita 6 zinatosha. Stenlesi ni bora zaidi ila utalipia.

Kuwasha: magunzi makavu chini, mkaa juu, subiri dakika 25 hadi 30 mpaka makaa yavae jivu jeupe. Mafuta ya taa na mifuko ya plastiki huacha harufu isiyotoka kwenye nyama ya sato.

Samaki kunata kwenye wavu ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na halina uhusiano na jiko. Sato akishaparwa magamba na kuchanjwa mara tatu kila upande hadi karibu na mfupa, atiwe chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akae dakika 20. Kabla ya kumweka, mfute maji kwa kitambaa, kwa sababu ngozi iliyolowa inachemka badala ya kukauka, na hapo ndipo inaposhika. Paka mafuta samaki, usipake wavu, na wavu uwe umeshapata moto dakika tano. Mweke, usimguse dakika nane. Akiwa tayari kugeuzwa anaachia mwenyewe, akikataa, bado. Upande wa pili ni dakika sita au saba. Chungulia penye chanjo karibu na uti: nyama iwe nyeupe na iachane na mfupa.

Sangara ana mafuta mengi. Vipande vya unene wa sentimita 3 vikidondosha mafuta, moto unaruka. Usimwagie maji, majivu yatapanda. Visogeze upande usio na makaa, funika kifuniko dakika chache, moto utakosa hewa.

Kwa ugali nabeba mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu, nao una kasoro yake: ukianza kusonga, mtungi unatikisika. Uchongeshee pete ya chuma yenye miguu inayoushika kiunoni, au mtu wa pili ashike sufuria. Jaribu maungio ya mtungi na jiko kwa povu la sabuni, uone kama gesi inavuja, kila unapofungua mtungi mpya. Upepo ukinge kwa bati upande mmoja tu, usizungushie mtungi wote ukaufungia joto. Ziwa liko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva; yapike nyumbani kabisa.

Majivu yatoe yakiwa baridi, siku hiyo hiyo, na usiyamwage ziwani. Yakinyonya unyevu hula chuma, na chini ya pipa ndipo panapotoboka kwanza. Kumwagia jiko la moto maji kunalipinda, kifuniko hakikai tena sawa. Bei siiandiki kwa kuwa inategemea kama pipa unaleta wewe au analitafuta fundi, na tofauti ni kubwa. Mwambie atenganishe bei ya pipa, ya nondo na ya kazi.