TAHADHARI: Safari za gofu na spa pwani ya Wales zinazouzwa kwenye magrupu yetu

Ndugu zangu mlioko Uingereza, na ninyi mlioko nyumbani mnaojiandaa kuja kutembelea watu huku msimu wa joto: kuna mtu anauza mapumziko ya kifahari ya gofu na spa kwenye pwani ya Wales. Picha nzuri, Kiswahili kizuri, bei isiyotia shaka. Mimi amenichukulia pauni 1,840. Wifi yangu amemchukulia shilingi milioni moja na laki mbili. Naandika kwa urefu kwa sababu tapeli huyu anapita palepale ambapo wengi wetu tunapategemea kuwa ndiyo kinga yetu, yaani kupiga simu hotelini kuuliza.

Mume wangu alitimiza miaka 50 mwezi wa tano. Ujanani alikuwa kedi pale Gymkhana, Dar es Salaam, akibeba mifuko ya wakubwa kwenye jua la saa saba, na gofu yenyewe kajifunzia kwa fimbo za kuazima. Kiangazi cha 2025, mashindano makubwa ya gofu ya wanawake yalipochezwa Royal Porthcawl, kiwanja cha pwani ya Wales, alikaa mbele ya televisheni siku zote nne akitazama mipira inavyopeperushwa na upepo wa bahari. Akasema kabla hajafa atacheza kwenye kiwanja cha pwani ya Wales. Nikaliweka moyoni. Zamu yangu ya kupokea hela za mchezo wa upatu ilipofika, nilishajua hela ile inakwenda wapi.

Tangazo lilinifikia kwenye grupu la WhatsApp, limetumwa na mtu ninayemfahamu ambaye naye alitumiwa tu. Kulala siku tatu hoteli ya kifahari juu ya jabali huko Pembrokeshire, magharibi ya Wales, raundi mbili za mashimo 18, masaji, dimbwi la maji moto linalotazama bahari. Nikapiga. Akapokea mama mtu mzima, mpole, Kiswahili chake cha Tanga kabisa. Akaniuliza habari za kazi, akaniuliza watoto. Nilipomwambia ni zawadi ya kumshtukiza mume wangu, akafurahi kuliko mimi mwenyewe. "Basi usimwambie mtu, mwanangu, utaharibu utamu." Sasa naelewa kwa nini alifurahi. Zawadi ya siri haina mtu wa pili wa kuikagua. Mume wangu angeishika karatasi yake ya bei dakika mbili tu, angeona kasoro zote.

Na bei haikuwa ya kutupa. Tulikuwa watu wanne, mimi na mume wangu, wifi yangu na mumewe waliokuwa wanakuja kutoka Dar, na jumla ilikaribia pauni 2,200. Wale wanaosema "mlikimbilia cha rahisi" naomba walijue hilo.

Sasa hapa naomba utulivu wenu.

Kabla sijatuma senti, nilimwambia nina wasiwasi. Hakukasirika. Akasema, "Usiniamini mimi. Piga hotelini mwenyewe." Akanitumia namba, lakini sikuitumia, niliitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya hoteli, nikijiona nimekuwa makini. Binti wa mapokezi akatafuta, akanisomea jina langu, tarehe zangu, vyumba viwili vinavyotazama bahari. Kila kitu kipo. Nikashukuru, nikakata, nikatuma kianzio cha pauni 600. Jumatatu ya wiki ya safari nikamalizia 1,240.

Vyumba vile vilikuwa vya kweli, hotelini hawakunidanganya. Yule mama alivishika kwa jina langu kwa ule utaratibu wa kulipa ukifika, ambao unaruhusu kufuta bure mpaka siku tatu kabla. Jina langu liliandikwa sawasawa. Barua pepe ndiyo haikuwa yangu: ilifanana na yangu, ila imeongezwa herufi moja katikati, kwa hiyo kila taarifa kutoka hotelini ilikwenda kwake. Mimi nilipokea nakala alizochagua kunitumia. Jumatatu nikamaliza kulipa, Jumanne akafuta.

Tuliondoka Reading Ijumaa asubuhi, wanne ndani ya gari, fimbo za mume wangu nimezificha chini ya blanketi. Nilipomwonyesha tulipofika kituo cha mafuta, alinyamaza kwa muda, akashika ule mfuko kama mtu anayemshika mtoto. Tukaendelea na barabara kuu ya M4. Tukavuka daraja kubwa la Severn, likatokea bango la "Croeso i Gymru", wifi akapiga picha. Mimi nikawa naangalia mbele nikitafuta vibanda vya kulipia, kwa sababu kwenye ile karatasi kulikuwa na mstari wa pauni 30, "tozo ya daraja na maegesho", na niliambiwa namba ya gari letu imeshasajiliwa. Nikauliza vibanda viko wapi. Mume wangu akacheka, akasema tozo ya daraja hili ilifutwa Desemba 2018. Moyo ukanifanya paa. Sikusema neno mpaka tulipofika, na ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kutoka pale.

Binti wa mapokezi aliangalia kompyuta, akaangalia tena, akaniita upande wa pili nikaone mwenyewe. Imefutwa Jumanne, 17:52. Mwisho wa kufuta bure ulikuwa saa kumi na mbili kamili jioni. Dakika nane. Wifi yangu alikuwa nyuma yangu ameshika vocha nne za spa, zimechapwa kwenye karatasi nene yenye nembo ya hoteli, na yule binti alizigeuzageuza kisha akasema kwa upole kwamba hawajawahi kutoa vocha za namna ile. Kiwanja cha gofu nacho hakikuwa na jina letu. Hoteli ilikuwa imejaa, tukalala kwenye nyumba ya wageni mjini, mume wangu akinibembeleza mimi badala ya mimi kumpa zawadi yake.

Usiku ule tuliisoma ile karatasi ya bei wote wanne, na makosa yalikuwa yametapakaa. Ilisema raundi ya kwanza ni Tenby na ya pili ni Harlech, "dakika 25 kwa gari". Tenby iko kusini ya Pembrokeshire. Harlech iko kaskazini ya Wales, chini ya ile ngome ya mfalme Edward wa Kwanza, mwendo wa kama saa tatu kwa barabara za milimani. Ilikuwa na alama ya ATOL, ambayo inalinda safari zenye ndege ndani yake. Sisi tulikwenda kwa gari letu wenyewe! Hakuna mahali mume wangu aliulizwa handikapu yake, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji wa gofu, wakati viwanja vingi vya hadhi huku humwuliza mgeni kabla ya kumpangia muda wa kuanza. Na akaunti niliyolipia ilikuwa ya mtu binafsi. Niliambiwa ni "mhasibu wetu", na kwa kuwa jina lilifanana na nililopewa, programu ya benki haikunionya chochote.

Kwa hiyo ukipiga simu hotelini, usiulize "jina langu lipo?" Uliza hivi: ni kiasi gani kimeshalipwa mpaka sasa, na ni kiasi gani natakiwa kulipa nikifika? Kisha umsomee barua pepe yako herufi kwa herufi, athibitishe ndiyo iliyoandikwa, na umwombe akutumie uthibitisho yeye mwenyewe ukiwa bado kwenye simu. Kama hakuna kilicholipwa na wewe umeshatuma mamia ya pauni kwa mtu, umeshapata jibu. Gofu vilevile, ongea na ofisi ya klabu, uulize siku na saa ya kuanza kwa jina lako.

Pia, kwa sheria ya Uingereza ya 2018 ya safari za kifurushi, anayekuuzia malazi na huduma nyingine kubwa kama gofu kwa pamoja anatakiwa awe na ulinzi wa fedha zako na akwambie ni upi. Muulize. Lipa kwa kadi ya mkopo ukiweza, kwa sababu ununuzi unaozidi pauni 100 na usiozidi 30,000 unaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji. Yule mama nilimwomba kulipa kwa kadi. Akasema mashine imeharibika, akipata nyingine atanijulisha. Nikaona aibu kumsumbua mtu mzima.

Fedha zangu nimezipata. Nilipiga 159 tukiwa bado kwenye maegesho ya hoteli. Namba hiyo inakuunganisha na benki yako moja kwa moja, na benki nyingi kubwa zimo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za hapa zinalazimika kumrudishia aliyetapeliwa akatuma fedha mwenyewe kwa akaunti ya ndani ya Uingereza, mpaka pauni 85,000, mradi adai ndani ya miezi 13. Walihoji sana, walitaka meseji zote na sauti zote, na baada ya wiki tatu wakanirudishia wakikata pauni 100. Msione haya kudai. Na msifute mazungumzo kwa hasira, kama nilivyotaka kufanya mimi usiku ule.

Wifi yangu hajapata kitu. Yeye aliambiwa vocha za spa alipie Dar kwa simu, kwa namba ya Tanzania, "ili kuokoa makato". Sheria ya benki za huku haimgusi. Amechukua RB polisi, ameituma namba ya tapeli kwenda 15040, ya kuripoti utapeli wa simu Tanzania, na mpaka leo anasubiri. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Ile ilikuwa akiba yake ya safari nzima, ndiyo maana siku zote alizokaa kwetu hakununua hata zawadi moja ya kurudi nayo. Kama ndugu yako yuko nyumbani na anaambiwa alipe sehemu yake kule, mzuie leo.

Jina la ukurasa wao silitaji kwa sababu limeshabadilika mara mbili tangu Juni. Juzi nimetumiwa tangazo jipya na rafiki wa Leicester. Picha ya dimbwi ni ileile, ina taulo mbili za bluu kwenye kiti cha mbao na glasi moja imeangukia ubavu. Safari hii wanasema ni Anglesey, mwezi wa nane, nafasi sita zimebaki, mwisho wa kianzio ni Ijumaa. Ukiliona, usilisambaze hata kwa nia ya kuuliza. Na kama umeshatuma fedha, piga 159 sasa hivi.