Google Sites kama kabati la nyaraka za MEWAKA: tathmini ya mwezeshaji

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa, walimu wa shule za msingi katika kata yetu tumekuwa tukihifadhi nyaraka za Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, katika tovuti ndogo tuliyoitengeneza kwa Google Sites. Hapo awali kila kitu kilipitia kundi la WhatsApp: moduli, maandalio ya somo ya mfano, picha za zana, na matangazo ya misiba katikati yake. Mwalimu aliyelitaka andalio la mwezi wa tatu alipekua ujumbe mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi alipolifikia faili alikuta halipakuliki tena.

Huduma yenyewe hailipiwi, na anayeweza kuandika barua kwa kompyuta anaweza kutengeneza ukurasa kwa siku moja. Mafaili hukaa Google Drive, ambako akaunti ya bure hupewa GB 15 zinazotumika pamoja na barua pepe. Kwa PDF nafasi hiyo inatosha sana. Kwa video za vipindi haitoshi, ndiyo maana video tunaziweka YouTube na kubandika kiungo tu.

Kilichotuchosha ni mpangilio. Mwanzoni tulipanga kwa tarehe za vikao, na walimu wakaendelea kunipigia simu, kwa sababu hakuna mwalimu anayeamka asubuhi akitafuta kikao cha tarehe 14. Anatafuta namna ya kufundisha sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika, katika Hisabati, au la kufanya na mtoto wa darasa la pili asiyeunganisha silabi. Tulipopanga upya kwa darasa na kwa tatizo, simu zilipungua. Kando ya kila kiungo tunaandika pia idadi ya kurasa na uzito wa faili, kwa mfano «kurasa 2, KB 180», na jambo hilo dogo limesifiwa kuliko picha zote nilizopamba nazo ukurasa wa mbele, kwani bando hununuliwa kwa fedha ya mwalimu mwenyewe.

Anayeanza ajihadhari na kosa nililolifanya mimi. Siku ya kwanza niliyoionyesha tovuti katika Jumuiya ya Kujifunza, yaani kikao cha walimu kujifunza pamoja, kila aliyegusa kiungo aliambiwa aombe ruhusa, na maombi yakamiminika katika barua pepe yangu huku nikiwa nimesimama mbele yao. Kuchapisha tovuti hakufungui mafaili ya Drive. Folda nayo lazima iruhusiwe kusomwa na yeyote mwenye kiungo. Vilevile, mabadiliko hayaonekani kwa wasomaji mpaka kitufe cha kuchapisha kibonyezwe upya. Kasoro ya huduma yenyewe ni kwamba uhariri unahitaji kompyuta, na katika shule nyingi kompyuta ni moja na iko ofisini kwa mwalimu mkuu.

Si kila kitu tunakipakia wenyewe. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania tunavielekezea kwenye maktaba mtandao ya taasisi, kwa kuwa tangu utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa uanze Januari 2024, nakala za zamani zilizolala katika simu zimekuwa zikipotosha watu. Chanzo kingine ni TESSA, mpango wa elimu ya walimu kusini mwa Sahara ulioanza mwaka 2005 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, wenye moduli za Kiswahili zinazojengwa juu ya shughuli za darasani na visa vya walimu. Leseni yake inaruhusu kurekebisha, hivyo tumezichukua baadhi ya shughuli na kuweka mifano ya hapa kwetu. Kiswahili chake hapa na pale ni kizito, lakini shughuli zinatekelezeka hata pale ambapo zana pekee ni mawe na vijiti.

Jambo la mwisho nililochelewa kulitambua ni umiliki. Mafaili yalikuwa katika akaunti yangu binafsi, na niliposikia fununu za uhamisho nikaona kwamba ningeondoka na kabati zima. Tumefungua akaunti ya kituo, tumehamishia humo folda zote, na nywila imefungiwa katika bahasha ofisini kwa Afisa Elimu Kata, pamoja na daftari la mahudhurio.