Lebo za kahawa, Mwanjelwa: wanachelewa, ila rangi zinakaa

Nilipeleka oda ya lebo 2,000 za pakiti za kahawa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji pale Mwanjelwa, mwezi wa Julai. Aliyewahi kuishi Mbeya anajua Julai yetu: mawese ya Kyela yanagandia kwenye chupa. Kumbe na wino nao hukaza.

Sampuli ya kwanza ilinikasirisha. Buni mbivu kwenye picha zilikuwa na ukingo wa pinki upande mmoja, mfano wa kanga iliyochapwa vibaya. Fundi, mzee wa makamo, hakubishana. Alinionyesha vimisalaba vidogo vya kulinganishia rangi pembeni mwa karatasi: pinki imehama, haifiki hata milimita.

"Mama, nyekundu ya buni haimo koponi. Ni pinki juu ya njano. Moja ikiteleza, kazi imeharibika."

Akaliweka kopo la wino juani, akarudi kulinganisha upya sahani, yaani mabati yanayobeba picha ya kila rangi. Nikakaa kwenye benchi saa mbili nzima, nikiperuzi simu, ndipo nikakutana na habari za L. Prang & Company ya Boston, kampuni ya zamani ya uchapaji. Louis Prang alitoka Breslau akahamia Marekani, na kampuni yenye jina lake ikaanza 1860. Enzi hizo walichapa kwa mawe, ufundi aliougundua Alois Senefelder huko Ujerumani mwaka 1796: unachora kwa mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha maji, wino unashika palipo na mafuta tu. Kila rangi na jiwe lake! Picha nyingine za Prang zilipita kwenye mawe zaidi ya 20, karatasi ileile, kila mara ikae palepale. Kadi zake za Krismasi za miaka ya 1870 ndizo zilizompa jina. Mimi rangi nne tu nilishanuna.

Sahani za leo ni za alumini, lakini siri bado ni hiyohiyo ya mafuta kukataana na maji.

Lebo zilitoka safi. Buni zinatamanisha kuchumwa. Shilingi 180 kila moja, sioni kosa. Ila waliniahidi Jumatano nikapewa Jumamosi, simu hawapokei, na gundi inaachia pembeni pakiti ikiwa ya kung'aa. Oda ijayo naipeleka Oktoba, baridi ikishaondoka, na gundi nitaijaribu kwanza kwenye pakiti yangu mwenyewe.