Fomu za kujazwa ndani ya Word: cha kununua kwanza, na cha kuacha dukani

Muuzaji atakuuliza unataka kutengeneza nini. Wewe anza kujiuliza hati hiyo itafunguliwa na nani, na kwa kifaa gani. Kitufe kinachofanya kazi kwenye kompyuta yako hakina faida ikiwa mteja anafungulia faili kwenye Mac au kwenye kivinjari.

Namba moja ni Word ya kawaida ya kompyuta, pamoja na vidhibiti vya maudhui vilivyomo ndani yake, yaani sehemu maalumu za kujazwa ndani ya hati. Vilianza na Word 2007: sehemu ya maandishi, orodha kunjuzi, kichagua tarehe. Kisanduku cha tiki kilikuja 2010, na 2013 ikaja sehemu inayojirudia, ile ya kuongeza mstari baada ya mstari kwenye ankara. Huandiki msimbo wowote. Unawasha tu kichupo cha msanidi programu, ambacho kwa kawaida kimefichwa. Kinachovipa nafasi ya kwanza ni kwamba vinafungika, hivyo mjazaji hawezi kukifuta kidhibiti kwa bahati mbaya, na vinaweza kuunganishwa na data ya XML (taarifa zilizopangwa kwa lebo) iliyomo kwenye faili. Ukiandika jina la mteja mwanzoni mwa mkataba, linajaa lenyewe kila mahali ulipoliunganisha. Leseni ya kulipia mara moja inatosha. Usijifunge na malipo ya kila mwezi kwa ajili ya hili tu.

Ukihitaji paneli yako pembeni mwa hati, inayovuta taarifa kutoka hifadhidata ya kampuni, tafuta programu-jalizi ya wavuti, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye Word, inayoandikwa kwa lugha ya JavaScript na maktaba ya Microsoft iitwayo Office.js. Hiyo inaweza kufanya kazi Windows, Mac, iPad na kwenye kivinjari. Hapa pesa nyingi zinakwenda kwa msanidi na kwa seva, si kwa Microsoft. Kabla hujamalizia malipo, mwambie aifungue mbele yako kwenye vifaa vyote alivyoahidi, kwa sababu si kila kitu kinachowezekana Windows kinawezekana kwenye kivinjari. Mkubaliane pia kwa maandishi nani atalipia seva mwaka wa pili.

Ya tatu ni LibreOffice Writer, ambayo ni bure. Ina vidhibiti vya fomu na inatoa PDF ya kujazwa. Kama PDF ndiyo unayotuma, kwangu hii inapanda hadi namba moja. Ila faili ikiwa itazunguka kama docx kati yake na Word, jaribu kila kidhibiti kwanza.

VSTO, zana za Microsoft za kutengeneza nyongeza za Office, naiweka ya nne japo ina nguvu kuliko zote: unaweza kupachika ndani ya hati kidhibiti ulichokibuni mwenyewe kwa lugha ya C#. Tatizo ni kwamba inataka Windows na .NET Framework ya zamani, jukwaa la Microsoft la kuendeshea programu. Inafaa ofisi ambayo tayari ina mfumo wa aina hiyo wa kutunza.

ActiveX, teknolojia ya zamani ya Microsoft ya kupachika vitufe kwenye hati, iko mkiani. Office 2024 imetoka ikiwa imeizima, na Microsoft 365 ikafuata mwaka 2025. Makro nazo, yaani msimbo uliomo ndani ya hati, faili likitoka intaneti, Word huzizuia. Msanidi akikuletea faili la docm (hati ya Word inayobeba makro) lenye vitufe vya ActiveX na maelekezo ya kulegeza ulinzi ili vifanye kazi, mrudishie kazi yake kabla hujalipa.