Uzoefu Wangu wa Kufundisha Aljebra kwa GeoGebra

Nimekuwa nikiitumia GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchora grafu na kukokotoa hesabu, kufundishia aljebra katika kidato cha kwanza na cha pili, na maoni yangu ni kwamba programu hii humfaa sana mwanafunzi ambaye ameshaikokotoa hesabu kwa mkono, lakini humsaidia kidogo mno yule anayeanza nayo kabla hajagusa kalamu. Chimbuko lake ni kazi aliyoianza Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwaka 2001. Haitozwi fedha kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, na ikishawekwa kwenye kompyuta huweza kutumika bila intaneti, sifa ambayo shule yenye mtandao wa kusuasua itaithamini kuliko nyingine zote.

Uhusiano wa mstari mnyoofu tuliuanza kwa nauli ya bodaboda: shilingi 1,000 za kuanzia safari na shilingi 500 kwa kila kilometa. (Dereva halisi hupatana nawe bei, lakini hilo ni somo jingine.) Niliwaacha kwa makusudi waandike y = 500x + 1000, na mstari ukatokea kana kwamba umesimama wima, kwa kuwa mihimili yote miwili hufunguka ikiwa na kipimo kimoja kinachozunguka sifuri. Tulipoihesabu nauli kwa maelfu na kuandika y = 0.5x + 1, mteremko ukaonekana vizuri: ukisogea hatua moja kulia, mstari hupanda nusu hatua. Kisha tuliandika y = mx + c, na programu yenyewe ikaleta vitelezi (vipau vya kubadilishia thamani) vya m, yaani mteremko, na c, yaani mahali mstari unapokata mhimili wa y, ambavyo mwanafunzi huvisogeza kwa kidole au kwa kipanya huku akiuona mstari ukiinama, ukilala au ukipanda wote kwa pamoja.

Hata hivyo, thamani yake kubwa niliiona kwenye milinganyo ya kipeo cha pili. Wanafunzi walikuwa wameshatafuta vigawo vya x² − 5x + 6 na kupata (x − 2)(x − 3), lakini wengi waliziona 2 na 3 kuwa namba za kuandikwa mwisho wa swali tu, hadi grafu ilipowaonyesha kuwa ndipo hasa inapokata mhimili wa x. Niliigeuza 6 kuwa herufi c na kuwataka waiongeze taratibu. Zile sehemu mbili za kukatia zikakaribiana, zikakutana c ilipofika 6.25, na c ilipokuwa 7 grafu ikaelea juu ya mhimili bila kuugusa. Darasa zima lilielewa kwa nini kanuni ya b² − 4ac, ambamo a, b na c ni namba za mlinganyo ax² + bx + c = 0, hutoa hasi 3 hapo, na kwa nini mlinganyo huo hauna jibu miongoni mwa namba halisi. Mwalimu atakayerudia zoezi hili akumbuke kubadili mipaka ya kitelezi, ambayo kwa kawaida huishia 5, na kupunguza hatua yake ya 0.1, la sivyo kitairuka 6.25.

Polinomia (semi zenye vipeo vya x) za kipeo cha tatu tulizipitia haraka. X³ − 4x ilitosha kuonyesha grafu inayokata mhimili mara tatu, kwenye hasi 2, sifuri na 2.

Jambo ninaloliangalia kwa uangalifu ni sehemu ya kukokotoa aljebra, ambamo amri moja ya kutafuta vigawo hutoa jibu kamili bila kuonyesha hatua hata moja, ilhali kwenye mtihani hatua ndizo zenye alama. Kwa hiyo kazi ya nyumbani huiuliza kinyume: nawapa thamani za x zinazoifanya polinomia iwe sifuri, pamoja na nukta moja ambayo grafu inapitia, nao waiunde polinomia yenyewe kwa kalamu, kisha waichore kwenye GeoGebra kuhakikisha kwamba inapita walipoelekezwa.