Pauper: mashindano ya kadi za bei chee yaliyonikaa rohoni

Wenzangu wa meza ya Magic: The Gathering hapa Uingereza wakisikia nacheza Pauper hudhani ni kwa sababu sina hela. Hela kweli sina, lakini hata ningekuwa nazo nisingehama.

Kadi za Magic, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na Wizards of the Coast mwaka 1993, huuzwa kwenye pakiti, na kila kadi ina kiwango chake cha uadimu. Zile adimu ndizo zinazokausha mifuko. Pauper inazifungia nje zote: unaruhusiwa kutumia tu kadi ambazo zimewahi kuchapishwa katika kiwango cha chini kabisa, zile zinazojaa kwenye maboksi ya kila duka. Mengine ni kama kawaida: deki ya kadi 60, akiba ya 15 ya kubadilishia kati ya mchezo na mchezo, nakala zisizozidi nne za kadi moja ukiacha ardhi za msingi, zile kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine.

Deki yangu ni nyekundu tupu, ya kuchoma, yaani ya kumkata mpinzani uhai moja kwa moja. Nzima, pamoja na akiba, haifiki hata robo ya bei ya kadi moja ya Underground Sea, ardhi adimu ya zamani. Wala usidhani kadi za bei rahisi ni dhaifu. Lightning Bolt, mana moja tu nyekundu, inamkata mpinzani pointi tatu kati ya uhai wake wa 20. Brainstorm ya kuvuta kadi ipo, Counterspell ya kuzima kadi ya mpinzani ipo. Ni silaha za kweli.

Utamu wake niliuonja vizuri nilipokutana na jamaa wa deki ya bluu, ya vijini warukao. Kadi yake ninayoichukia kuliko zote ni Spellstutter Sprite: anaidondosha katikati ya zamu yako, inazuia kadi unayotupa mradi thamani yake ya mana haizidi idadi ya vijini alio nao. Yeye ana vijini watatu, uhai umebaki nne, na ardhi mbili bado wima, hajazitumia. Nikatupa Lightning Bolt kama chambo. Akaingia, akatumia mana zake zote mbili kumtoa Sprite, Bolt ikazimwa. Hapo nikatoa kafara Mountain zangu mbili, zile ardhi nyekundu, na kulaza Fireblast mezani: pointi nne, bila kulipa hata mana moja. Na hata angekuwa na Sprite mwingine asingefua dafu, maana Fireblast, ingawa umeipata kwa kafara, thamani yake inabaki sita. Ilibidi awe na vijini sita. Mchezo wa pili akaleta Hydroblast, ya kuzima kadi nyekundu, kutoka kwenye akiba, akaninyoosha vibaya, siuzungumzii huo.

Mpangilio wenyewe wa mashindano ni mzuri. Ukifungwa huondoki, unapangiwa mtu mwenye pointi kama zako raundi inayofuata, kwa hiyo nauli ya basi haipotei bure. Kila raundi ni dakika 50, bora kati ya michezo mitatu, na muda ukiisha mnaongezewa zamu tano. Ukikutana na mtu wa deki ya kuziba kila kitu, halafu naye ni wa kufikiri kama anasaini hati ya nyumba, hizo dakika 50 zinakwisha mchezo wa pili haujafika popote.

Kinachowachanganya wageni ni uhalali wa kadi. Rangi ya alama ya toleo kwenye kadi, nyeusi kwa kadi za kawaida (za kiwango cha chini), haitoshi kukuambia: kuna nakala za Lightning Bolt zenye alama ya fedha, ya kiwango cha juu yake, na bado ni halali kwa kuwa kadi hiyo iliwahi kutoka kwa kiwango cha chini. Angalia tovuti ya Scryfall kabla hujabishana na mwamuzi. Orodha ya kadi halali ya karatasi na ya mtandaoni iliunganishwa mwaka 2019, na tangu Januari 2022 kuna jopo linaloongozwa na Gavin Verhey wa Wizards ambalo hupiga marufuku kadi zinazovuruga. Mwezi huohuo walimfungia kiumbe aitwaye Atog. Mimi sikumlilia.

Kasoro zipo. Si kila kadi ya kawaida ni rahisi. Lotus Petal ya mwaka 1997 ilikuwa kadi ya kawaida, ila ukiulizia bei yake leo utairudisha kwenye boksi taratibu. Tena zawadi za duka ninakochezea ni pakiti za toleo jipya. Mshindi wa Pauper anafungua pakiti, anapata kadi adimu asiyoweza kuitumia, anaibadilisha palepale kaunta. Na watu ni wachache: wiki nyingine tunafika sita, tunajuana deki kwa deki. Italia ndiko kwenye umati, kule wanakofanya mashindano makubwa ya Pauper yaitwayo Paupergeddon.

Kama umekua ukicheza lasti kadi barazani na unataka kujaribu Magic, anzia hapa. Nunua deki nyekundu au ya vijini kwa kadi mojamoja, usinunue pakiti, na ukiweza tafuta Pyroblast nne za akiba, za kuzima kadi za bluu, mapema, kwa sababu wachezaji wa bluu hawaishi.