Kamba ya Dyneema: kupandishia boti safi sana, kwenye nanga hapana

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaoulizia hii kamba ya Dyneema, yaani kamba ya nyuzi za plastiki imara sana, mimi naitumia hapa Mikindani kupandishia boti zinazokuja kukalafatiwa na kupakwa rangi, nimeiweka kwenye winchi badala ya waya wa chuma na kwa kazi hiyo sirudi tena kwenye waya.

Kwanza ni nyepesi mno, kijana mmoja anaitupia begani anaingia nayo majini mpaka ilipo boti. Na nguvu ipo kweli, ile ya milimita 10 iliyosukwa kwa vikamba 12 inafika zaidi ya tani 8 ndo ikatike wakati nailoni ya unene huohuo ni kama tani 2, ila msivutie tani 8 jamani, gawanya kwa 5 ndo uzito wa kufanyia kazi. Kutu haina, maji hainyonyi, na vile visindano vya waya uliochakaa vinavyochana viganja hamna. Haivutiki, kwa hiyo hata ikikatika hairuki kwa kasi kama nailoni, ingawa bado mtu asisimame usawa wake.

Sasa mafundo. Inateleza balaa, fundo la kawaida linafunguka lenyewe na likishika linakula zaidi ya nusu ya nguvu yote! Inatakiwa ncha irudishwe ndani ya kamba yenyewe itoke kitanzi, hapo nguvu inabaki karibu yote. Duka nililonunulia hawakunigusia hata kidogo, bei mara kadhaa ya nailoni halafu unapimiwa mita zako unaambiwa karibu tena, hii imeniudhi sana maana boti ikiachia mtelemkoni kuna watu kule chini.

Joto nalo iogopeni, inayeyuka kwenye nyuzi 145 hivi, msiiache isuguane na ngoma ya winchi inayozunguka au kupita karibu na ekzosi.

Kwenye nanga bakini na nailoni na kipande cha mnyororo. Hii haina mnyumbuko, wimbi likipiga kishindo chote kinaishia kwenye boti, tena inaelea, ikilegea tu inaenda kujisokota kwenye pangaboi.

Wenye fuso za korosho zinazokwama mvua zikianza itawafaa sana kuvutia, ila mkimaliza iosheni kwa maji yasiyo na chumvi mchanga wote utoke, ukibaki ndani unakata nyuzi taratibu.